Paraguay iliwezaje kuishinda Bolivia kule Chaco, 1932–1935? Tujadili jeshi lenyewe

#1 Msoma Ramani
Salamu wakuu. Nataka tujadili jeshi la Paraguay, hasa lile lililopigana Vita vya Chaco (nyanda kame za vichaka zilizogombaniwa na nchi hizo mbili) dhidi ya Bolivia kuanzia Septemba 1932 hadi Juni 1935.

Mwanzoni Bolivia ilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya Paraguay. Ilikuwa imesaini mkataba mkubwa wa silaha na kampuni ya Vickers ya Uingereza mwaka 1926, ina ndege nyingi kuliko mwenzake, ikaleta na vifaru, na maofisa wake walianza kufundishwa na Wajerumani mwaka 1911. Paraguay wakati wa amani ilikuwa na askari elfu chache tu na hazina kavu. Vita ilipokwisha, Paraguay ndiyo iliyokuwa imeshika karibu Chaco yote, na mateka wa Kibolivia walizidi 20,000.

Hoja yangu: Bolivia iliangushwa na mtu mmoja, Jenerali Hans Kundt, Mjerumani waliyemkabidhi jeshi lao. Pale Nanawa, ngome ya Paraguay, aliwatuma vijana wakimbilie bunduki rashasha uso kwa uso, tena mara mbili. Jeshi la Paraguay lilikuwa la kawaida tu. Nipingeni kwa ushahidi.

#2 Reli Nyembamba
Tarehe zinakukataa, mkuu. Boquerón, ngome iliyoshikwa na Bolivia, ilianguka 29 Septemba 1932. Kundt alirudi Bolivia Desemba mwaka uleule, akitokea uhamishoni. Sasa pale Boquerón alishindwa nani? Kamanda wa Bolivia upande ule wa mbele alikuwa Carlos Quintanilla, na ndani ya ngome alikuwamo Luteni Kanali Manuel Marzana.

Waache majenerali kwanza, tazama njia. Mparaguay alipanda meli Asunción, akapandisha mto Paraguay hadi Puerto Casado. Hapo akaingia kwenye treni ya reli nyembamba ya kampuni ya Casado, iliyojengwa kubeba magogo ya mti wa quebracho kwenda kiwanda cha tanini. Reli ile iliingia kilomita 145 ndani ya Chaco. Ukishuka kituo cha mwisho, imebaki safari fupi ya lori hadi Isla Poí, kambi kuu ya mbele, penye ziwa la maji matamu. Ndani ya siku chache kijana katoka shambani na yuko mstari wa mbele.

Mbolivia alipanda treni huko milimani hadi Villazón, mpakani na Argentina, na reli ikaishia hapo. Kinachofuata ni barabara ya udongo ya kona na makorongo kushuka Tarija, kisha Villamontes, kisha mamia mengine ya kilomita za mchanga hadi Fortín Muñoz, kambi ya Bolivia. Malori yalikuwa machache, kwa hiyo wengi walitembea kwa miguu. Na lori linalokwenda safari ndefu hivyo linabeba mafuta yake lenyewe, maji ya rejeta, chakula cha dereva na vipuri. Mzigo wa askari unapewa nafasi iliyobaki.

#3 Kifaru Mweusi
Nakubaliana na #2 juu ya tarehe, ila reli isipewe sifa zote. Kilómetro 7, karibu na Saavedra, mwishoni mwa 1932 Paraguay walikuwa na reli ileile na malori yaleyale, na Wabolivia chini ya Bilbao Rioja waliwazuia kabisa. Kila hatua Paraguay waliyosogea magharibi, reli ilikuwa inabaki mbali nyuma yao.

Na kuhusu Nanawa mleta uzi hakukosea. Shambulio la kwanza lilianza 20 Januari 1933, la pili 4 Julai. Lile la Julai Kundt aliliandalia kila kitu: mizinga, ndege, virusha moto, handaki lililochimbwa chini kwa chini na kujazwa baruti, na vifaru vya Vickers vya tani 6 pamoja na vile vidogo vya Carden-Loyd. Bolivia ilipoteza watu wapatao 2,000 waliokufa ndani ya siku chache. Ngome ile ikaitwa Verdun ya Amerika Kusini, kwa jina la pigano maarufu la Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Vifaru vilishindwa kwa sababu rahisi. Vilikuwa vichache mno, vikagawanywa vipandevipande badala ya kusukumwa pamoja. Ndani ya chuma, kwenye jua la Chaco, wahudumu hawakuweza kukaa muda mrefu. Askari wa miguu hawakufundishwa kutembea navyo, basi kifaru kikisimama kinabaki peke yake. Na vichaka vya miiba vilimnyima dereva kuona kilicho mbele ya pua yake.

#4 Bi Hesabu
Wote mmeruka kitu cha kwanza kabisa, nacho ni uandikishaji. Agosti 1932 Paraguay iliita watu wake wote kwa mpigo. Rais Salamanca wa Bolivia aliita kidogokidogo, akihofia gharama na akiamini Paraguay haitathubutu. Matokeo yake siku Boquerón inashambuliwa, ndani yake mna Wabolivia kama 600 na nje wako Waparaguay elfu kadhaa wanaozidi kuongezeka.

Kwa hiyo ile "Bolivia watu mara mbili" ni hesabu ya nchi nzima. Kwenye uwanja wa vita Paraguay mara nyingi ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi, au walilingana. Vita nzima Bolivia iliita watu wapatao 200,000 au zaidi, Paraguay kama 140,000. Lakini wale wa Bolivia walifika kwa mafungu, kila fungu likija kuziba pengo la fungu lililokufa au kutekwa.

#5 Maji Matamu
Wakuu, vita ile ilikuwa ya maji. Chaco ya kati haina mito ya kudumu. Maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi ni ya chumvi. Ukichimba unapata matamu juu juu kwenye mfuko mdogo, ukizidi kuchota chumvi inapanda. Ndiyo maana kila "fortín" unayoisoma kwenye vitabu ni vibanda vichache vya udongo kando ya kidimbwi au kisima. Walichopigania ni kile kidimbwi.

Hata cheche ya kwanza ilikuwa ya maji. Juni 1932 Wabolivia walichukua ziwa Pitiantuta, na Julai Waparaguay wakalirudisha. Anayetajwa kuligundua ziwa lile kwa upande wa Paraguay ni Juan Belaieff, jenerali wa Kirusi aliyekimbia mapinduzi ya kwao, aliyeongozwa na wenyeji wa Chaco mwaka 1931.

Boquerón, siku ya kwanza tarehe 9 Septemba, Waparaguay walivamia wazi asubuhi wakidhani ni kazi ya saa chache. Kila mtu alikuwa na chupa ya maji ya kiunoni tu. Kufika mchana yamekwisha, jua kali, na vikosi vikaanza kurudi nyuma vyenyewe kutafuta maji. Estigarribia, kamanda wa Paraguay, alibadili mpango baada ya hapo: malori yakapangiwa zamu ya maji kutoka Isla Poí, na jeshi likaacha kuvamia likaanza kuzingira.

#6 Mkuki Mfupi
Reli Nyembamba anaona reli, Maji Matamu anaona maji. Majina yenu yanawaongoza 😄

Mimi nauliza kitu cha wazi: huyo Estigarribia alitoka wapi? Maana uzi umeshafika posti ya sita na kamanda wa washindi ndiyo kwanza anatajwa.

#7 Kanali wa Vitabu
#6, José Félix Estigarribia alizaliwa 1888 Caraguatay. Kwanza alisomea kilimo, akaingia jeshini 1910. Akapelekwa Chile kwa mafunzo, na katikati ya miaka ya 1920 akasoma chuo cha juu cha vita mjini Paris. Vita ilipoanza alikuwa Luteni Kanali tu. Cheo kilimfuata kadiri alivyoshinda, hadi jenerali.

Muundo wa jeshi lake ni muhimu kuliko wasifu wake. Paraguay ilikuwa na chuo cha kijeshi tangu 1915, na maofisa wake vijana walikuwa wamepigana msituni kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922–1923. Walijua tayari kuongoza watu wachache mahali pasipo na barabara. Rejimenti zilikuwa ndogo na zikapewa majina ya mapigano ya ile vita kuu ya 1864–1870 dhidi ya Brazil, Argentina na Uruguay: Ytororó, Curupayty, Corrales, 2 de Mayo. Kijana wa miaka 18 anaandikishwa kwenye jina ambalo babu yake alilifia. Rejimenti mbili au tatu zikafanya divisheni, na vita ilipokua, divisheni zikakusanywa kwenye kori: ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu.

Divisheni kama ile ilikuwa nyepesi. Ungeweza kuitoa upande mmoja wa uwanja usiku na kuitumia upande mwingine kesho kutwa. Upande wa pili waliiga mtindo wa Kijerumani wa kushika mstari mrefu wa mahandaki, na mstari mrefu kwenye nchi tupu una ncha mbili zinazoning'inia hewani. Estigarribia alikwenda kwenye zile ncha.

#8 Msoma Ramani
Asante #7. Hebu nieleze basi ile "corralito" ilifanyikaje kwa vitendo. Kila kitabu kinasema "wakazingirwa" kana kwamba ni uchawi.

#9 Kanali wa Vitabu
Corralito ni zizi dogo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi.

Kwanza unamshika adui mbele kwa watu wachache wenye rashasha, wafyatue sana ili aone bado mpo wengi. Wakati huohuo wakata njia wanaingia kichakani kwa mapanga, mbali na mstari, wakifyeka njia iliyo sambamba na barabara ya adui. Wanakata vichaka vya chini na kuacha matawi ya juu yakutane, ili ndege isione kitu. Upana ni wa kupita lori moja. Simu ya waya inavutwa nyuma yao hatua kwa hatua, kwa sababu bila simu kamanda hajui wamefika wapi. Askari wanatembea usiku, bila moto.

Wakifika nyuma ya adui wanakata waya wake wa simu, wanaziba barabara, na wanachimba mahandaki yanayotazama pande mbili: upande wa waliozingirwa na upande wa watakaokuja kuwaokoa. Baada ya hapo hawavamii tena. Kiu inafanya kazi iliyobaki.

Inaharibika lini? Mkata njia akipotea uelekeo na kutokea mbele ya adui badala ya nyuma yake. Maji ya wanaozingira yakiisha kabla ya ya wanaozingirwa. Au adui akiondoka mapema, zizi likafungwa halina ng'ombe. Hilo la mwisho liliwapata mara kadhaa, Wabolivia wengi wakaponyoka kwenye upenyo uliochelewa kufungwa.

Campo Vía, 11 Desemba 1933, lilifungwa sawasawa. Divisheni ya 4 na ya 9 za Bolivia zilisalimu amri, watu zaidi ya 7,000, pamoja na mizinga na malori yao. Kundt alikuwa ameonywa kuhusu pembeni zake na hakuondoa vikosi mapema. Akavuliwa ukamanda, nafasi ikashikwa na Enrique Peñaranda.

#10 Kifaru Mweusi
Halafu mara tu baada ya Campo Vía wakakubali kusimamisha mapigano, 19 Desemba hadi 6 Januari 1934! Jeshi la Bolivia lilikuwa limevunjika kabisa na njia ya kuelekea Villamontes i wazi. Zile siku 18 zilimpa Peñaranda nafasi ya kujenga jeshi jipya. Kama mnataka kosa kubwa la vita ile, hilo ni la Paraguay.

#11 Reli Nyembamba
Hapana, #10. Baada ya Campo Vía askari wa Paraguay walikuwa hoi na malori yamechakaa. Vumbi la kiangazi lilikuwa laini kama unga, linaingia kwenye injini na kusaga pistoni. Mvua zikianza barabara hizohizo zinageuka tope na lori linazama hadi ekseli. Wangefika Villamontes na nini? Na wapi wangepata maji njiani?

#12 Fundi Silaha
Tuingie kwenye vyuma. Bunduki ya kawaida ya Paraguay ilikuwa Mauser ya mwaka 1927 iliyotengenezwa Oviedo, Hispania. Ilikuwa na sifa mbaya hivi kwamba askari wenyewe waliiita "mataparaguayos", muua Waparaguay. Ukifyatua mfululizo mtutu unapata moto na shabaha inapotea, na hitilafu za utengenezaji zilikuwa nyingi. Askari aliyeokota Mauser ya Kicheki ya Mbolivia hakuirudisha.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo watu hawalisemi. Majeshi yote mawili yalitumia risasi ya milimita 7.65, ile ya Kiargentina. Kwa hiyo kila sanduku la risasi lililotekwa liliingia kwenye bunduki za Paraguay siku hiyohiyo. Rashasha za Vickers walizoteka zililishwa risasi zilizotekwa nazo. Campo Vía peke yake iliipa Paraguay silaha ambazo hazina yake isingeweza kununua.

Silaha iliyowapa faida mwanzoni ni mota ya Stokes-Brandt ya milimita 81. Kwenye kichaka mzinga wa kawaida hauna mstari wa kuona, bali mota inarusha juu na kudondosha ndani ya handaki. Inabebwa vipande vitatu: mtutu, bamba la chini na miguu. Tatizo lilikuwa makombora machache, basi kila kamanda alipimiwa. Bolivia walizipata kwa wingi baadaye.

#13 Bi Hesabu
Fundi, usisahau karakana ya Asunción. Mhandisi wa jeshi la maji José Bozzano, aliyesomea Marekani, aliigeuza karakana ya jeshi la maji kuwa kiwanda cha vita. Walitoa guruneti iliyoitwa carumbe'i, yaani kobe mdogo, mabomu ya ndege, na bodi za malori. Huyohuyo alisimamia ujenzi wa meli mbili za mizinga, Paraguay na Humaitá, kule Genoa, zikafika nyumbani 1931. Kila moja ilikuwa na mizinga minne ya milimita 120, lakini kazi yake kubwa vitani ilikuwa kupeleka vikosi Puerto Casado na kuzuia ndege za Bolivia mtoni.

Nchi isiyo na kitu haikununua kingi, ila ilinunua vitu vilivyofaa.

#14 Mwana wa Pwani
Mbona hamtaji lugha? Kiguarani! Waparaguay wengi, ofisa na askari, walizungumza Kiguarani nyumbani. Simu ya mstari wa mbele ikidukuliwa, anayesikiliza haelewi. Amri zinaeleweka haraka. Bolivia ofisa anaamuru kwa Kihispania, askari wake ni Mkechua au Mwaimara aliyeletwa kutoka mita 3,600 juu ya bahari hadi joto la digrii 40, hajui amri wala hajui kwa nini yuko pale.

#15 Kanali wa Vitabu
#14, nusu ni kweli. Bolivia nayo ilikuwa na Waguarani wake wa upande wa mashariki, wa Izozo na vilima vya chini, na wao wanaielewa lugha ile ingawa kwa lafudhi nyingine. Lugha ilisaidia sana katika umoja wa kikosi. Kama siri ya simu, tusiikuze.

Hilo la milima nakuunga mkono. Vijana walifika wamevaa nguo nzito, wakapigwa na malaria, kuhara na upungufu wa vitamini kabla ya risasi. Mparaguay mwingi alipigana miguu mitupu na hakuona ajabu.

#16 Jirani Mwema
Mnazunguka tu. Argentina ndiyo iliyoshinda vita ile. Mikopo, mafuta, risasi, habari za kijasusi, yote yalipita mto uleule. Kulikuwa hata na rejimenti ya wapanda farasi iliyoitwa San Martín, yenye Waargentina waliojitolea. Halafu waziri wao wa mambo ya nje, Saavedra Lamas, akasuluhisha na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani 1936.

#17 Mkuki Mfupi
Na mafuta ya petroli je? Wengi wanasema Standard Oil ilikuwa nyuma ya Bolivia na Shell nyuma ya Paraguay. Seneta Huey Long aliisema Standard Oil wazi mwaka 1934 ndani ya bunge la Marekani.

#18 Reli Nyembamba
Huey Long alisema mengi. Visima vya Standard Oil vilikuwa kwenye vilima vya magharibi, mbali na sehemu vita ilipoanzia. Bolivia iliyopoteza pwani yake kwa Chile kwenye vita vya 1879–1883 ilitaka njia ya kufika mto Paraguay ili itokee bahari ya Atlantiki. Hiyo inatosha kueleza kwa nini walijenga ngome kuelekea mashariki kwa miaka mingi. Tena Bolivia ilitaifisha Standard Oil Machi 1937, na moja ya manung'uniko yao ni kwamba kampuni haikulisaidia jeshi vitani. Mfadhili gani huyo?

#19 Jirani Mwema
Kutaifishwa baadaye hakufuti kilichotokea kabla. Ila tuliache, litatutoa kwenye jeshi.

#20 Shabiki wa Timu
Samahani natoka kidogo nje ya njia. Kuna pigano la Mei 1934 linaitwa Cañada Strongest, na Strongest ni klabu ya mpira ya La Paz! Wachezaji na wanachama wake walikwenda vitani na eneo likapewa jina la klabu. Hebu fikirieni ngome iitwe Simba au Yanga.

#21 Kifaru Mweusi
Usiombe radhi, #20, umeleta ushahidi mzuri. Cañada Strongest ni ushindi wa Bolivia. Walikata njia zao wenyewe, wakazingira, wakateka Waparaguay kama 1,500. Maana yake mbinu ilikuwa imeshajulikana kwa wote wawili, na Mbolivia akiongozwa vizuri aliifanya. Hoja ya kwamba Wabolivia walikuwa askari dhaifu haina msingi. Muulize Marzana, aliyeshika Boquerón siku 20 na watu 600.

#22 Maji Matamu
Nisaidieni kueleza Yrendagüé basi, maana ndipo ninapoona kila kitu mlichosema kinakutana.

Desemba 1934. Kikosi kikubwa cha wapanda farasi cha Bolivia chini ya Kanali David Toro kimesonga mbele hadi Picuiba. Maji yake yote yanatoka visima vya Yrendagüé, nyuma yake, kwa malori. Divisheni ya 8 ya Paraguay, chini ya Kanali Eugenio Garay, mwenye umri wa miaka 60, inaingia kichakani tarehe 5 ikiwa na maji ya kubeba tu. Wanatembea karibu kilomita 70 kwenye mchanga na miiba. Maji yanaisha njiani. Watu wanaanguka. Garay anatembea nao na kuwasukuma, maana kurudi ni kufa vilevile. Maji ya karibu zaidi sasa yako kwa adui. Alfajiri ya tarehe 8 wanavitwaa visima.

Kuanzia saa ile, maelfu ya Wabolivia waliokuwa Picuiba hawana tone. Walijaribu kurudi kwa njia za pembeni, malori yakasimama, watu wakanywa maji ya rejeta. Wengi walikufa kwa kiu bila hata jeraha.

Haya, niambieni: hapo kilichoshinda ni maji, ni Garay, ni miguu mitupu, au ni uzembe wa Toro kutegemea visima vilivyolindwa na watu wachache?

#23 Bi Hesabu
Kwangu ni uzembe wa makao makuu. Wiki tatu kabla, pale El Carmen, katikati ya Novemba, walikuwa wamepoteza maelfu ya mateka kwa zizi la namna hiyohiyo, na wengi walikufa kwa kiu. Jeshi linalopigwa kofi lilelile mara mbili kwa mwezi lina tatizo juu.

Na kweli juu palikuwa pamevurugika. Tarehe 27 Novemba 1934 Rais Salamanca alikwenda Villamontes kumwondoa Peñaranda, majenerali wakaizunguka nyumba aliyolala na kumlazimisha kujiuzulu. Inasimuliwa kwamba aliwaambia hilo ndilo zizi pekee waliloweza kulifunga. Upande wa pili Rais Eusebio Ayala alikuwa anamtembelea Estigarribia mbele, wanakubaliana, na hamwingilii kwenye mapigano. Mnadhimu yeyote atakwambia tofauti hiyo ina uzito wa divisheni kadhaa.

#24 Kanali wa Vitabu
Dada Bi Hesabu, hoja ya Ayala ni nzito, lakini tazama mwisho wake. Februari 1936 jeshi lilimpindua Ayala kwa jina la Kanali Rafael Franco, kamanda wa Kori ya Pili, na Estigarribia akaishia uhamishoni. Alirudi, akawa rais 1939, akafa kwa ajali ya ndege Septemba 1940. Jeshi lililozoea kushinda halikurudi kambini kirahisi. Ofisa mmoja kijana wa mizinga wa vita ile, Alfredo Stroessner, alitawala kuanzia 1954 hadi 1989.

#25 Msoma Ramani
Narudi na swali gumu kwa timu ya reli na maji. Mwanzoni mwa 1935 Paraguay walifika vilima vya Andes, wakavuka mto Parapetí, Aprili wakaingia Charagua. Huko maji yapo. Kwa nini walishindwa kuichukua Villamontes Februari, na Charagua ikarudi kwa Bolivia?

#26 Reli Nyembamba
Kwa sababu ileile, imegeuzwa. Sasa Mparaguay ndiye aliye mamia ya kilomita kutoka reli yake, na Mbolivia yuko kwenye mlango wa nyumba yake. Villamontes ilikuwa na mahandaki yaliyoandaliwa vizuri, mizinga iliyokusanywa pamoja, na Bilbao Rioja tena kama kamanda, yuleyule wa Kilómetro 7. Paraguay wakaingia mpasuko wa mbele, wakapigwa mizinga kutoka pande tatu, wakatoka.

#27 Fundi Silaha
Ongeza vikwazo vya silaha. Umoja wa Mataifa wa wakati ule uliziwekea nchi zote mbili vikwazo 1934, kisha Januari 1935 ukaiondolea Bolivia peke yake. Paraguay ikajitoa kwenye umoja ule Februari. Na ardhi imebadilika: kwenye vilima mwenye mizinga mizito anaona mbali, faida ya mota na panga inapungua. Zizi linahitaji kichaka.

#28 Mwana wa Pwani
Mambo mengine madogo: ni kweli tereré, yaani kinywaji cha majani ya yerba mate kwa maji baridi, ilianzia vitani humo kwa sababu moshi wa kuchemsha maji ungeonyesha askari walipo?

#29 Maji Matamu
Tereré ni ya zamani kuliko vita ile. Kilichotokea Chaco ni kwamba kuzuia moto mstari wa mbele kulimfanya kila askari ainywe baridi, na wakarudi nayo vijijini. Wabolivia wao walitafuna majani ya koka. Kama maji ni machafu au ya chumvi, majani ya yerba mate yalisaidia kuyafanya yanyweke, basi hapo napo usidharau.

#30 Jirani Mwema
Na mkate? Ngano ya Paraguay ilitoka wapi kama si Argentina? Namrudia #16, ambaye ni mimi 😄

#31 Bi Hesabu
Unga ulitoka kwao, sawa. Lakini ng'ombe waliletwa kwa miguu hadi nyuma ya mstari na kuchinjwa hapohapo, mihogo na mahindi yalilimwa na wanawake nyumbani kwa kuwa wanaume wameisha, na Wamenoniti (walowezi Wakristo) waliohamia Chaco kuanzia 1927, makoloni ya Menno na Fernheim, waliuzia jeshi chakula. Jeshi la Bolivia halikuwa na kijiji kimoja kikubwa karibu na mstari wake kabla ya Villamontes.

#32 Kifaru Mweusi
Basi hoja mezani ni reli, maji, uandikishaji, Estigarribia, Kundt, Argentina, silaha za kuteka, lugha na siasa za La Paz. Mimi bado nasema Campo Vía iliwezekana kwa sababu ya Kundt. Divisheni mbili zilikuwa na muda wa kuondoka, barabara ilikuwapo, na amri haikuja.

#33 Reli Nyembamba
Na mimi nasema amri ingekuja wasingekuwa na malori ya kuwatoa. Tuanze hapo: kuna mwenye orodha ya malori ya Bolivia yaliyokuwa yanatembea Novemba 1933, sehemu ya Alihuatá na Saavedra? Siyo yaliyonunuliwa. Yanayotembea.